Mashua Iliyomcheka Mama

Mwezi uliopita, kwenye uwanja mmoja wa michezo ya watoto upande wa Kerugoya, nilimsikia mtu mzima akichekesha umati kwa mdomo mchafu. Ilikuwa Jumapili mchana. Bembea zilikuwa zimejaa, watoto wakirukaruka kwenye yale majumba ya kujazwa hewa, na yeye ndiye aliyekabidhiwa maikrofoni. Mama mmoja wa Kichina alipita mbele yake akiwa ameshika mkono wa mtoto. Yule mtu akaanza kumsema kwa Kikuyu: macho yake, mwendo wake, na jinsi mbwa wa mtaa mzima, ati, walivyotoroka waliposikia anakuja. Uwanja ukaangua kicheko. Yule mama hakuelewa hata neno moja. Alitabasamu, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru kwa kukaribishwa.

Soda ilinigeukia mdomoni. Nilimwendea mwenye maikrofoni nikamwambia aache.

"Mathe, tulia," akaniambia. "Ni mzaha tu. Kwani anaskia Kikuyu?"

Niliondoka. Wenzangu niliokuja nao waliniona mkorofi, na mmoja akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa Wachina. Nimewahi kukaa upande wa pili wa kicheko cha namna hiyo, pamoja na mama yangu, katika nchi ambayo sikuwa na neno hata moja la kuombea maji ya kunywa.

Mdogo wangu anaishi Ujerumani. Kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya kuwalea: anawaosha, anawalisha, anawabadilisha nguo usiku na mchana. Mimi nauza sare za shule mjini Nyeri na nyumba yangu iko Skuta. Mama yetu ni mkulima wa chai kule Kangari. Miaka michache iliyopita mdogo wangu alitutumia mwaliko, tukahangaikia viza hadi tukaipata, tukasafiri. Mama alikuwa na haja moja tu, kumshika kwa mikono yake mjukuu ambaye alikuwa akimwona kwenye simu tu.

Alimshika. Baada ya hapo hawakuwa na la kuambiana. Yule msichana alikuwa darasa la pili, na alijua Kijerumani tu, pamoja na neno moja la Kikuyu, *cucu*, yaani nyanya. Mama alijua Kikuyu, na Kiswahili chetu cha huku juu. Walikaa kwenye kochi wakipapasana mikono na kuchekeana, jioni nzima, mpaka tabasamu zikawachoka usoni. Nilichukizwa, na nilimwambia mdogo wangu hivyo tulipokuwa jikoni.

"Mtoto wako hawezi kumwambia nyanyake ako na njaa. Hiyo ni nini?"

"Ningemfundisha saa ngapi?" akasema bila kugeuka. "Mimi hutoka kazini nikiwa nimekufa. Yeye anajibu kwa Kijerumani, na mimi namjibu kwa Kijerumani. Ndivyo ilivyokuwa."

Alikuwa amepanga siku moja atupeleke kwenye bustani kubwa ya burudani nje ya mji, yenye magari yanayopanda juu ya reli na kupinduka, mito ya kuchimbwa, majumba ya mizimu, na kila aina ya kelele. Tikiti zilikuwa tayari. Asubuhi ya siku hiyo akapigiwa simu kutoka kazini: mwenzake alikuwa mgonjwa, na wazee hawangeweza kuachwa bila mtu. Akatupeleka kwa gari hadi langoni.

"Ingieni tu, nitawachukua jioni. Mtoto anapajua. Wewe si uko na Kiingereza? Na hii hapa." Alichukua simu yangu akaniwekea kitu cha kutafsiri. "Ukiongea Kiswahili, inasema Kijerumani. Wakiongea Kijerumani, inakwambia Kiswahili."

Nilijiamini. Kiingereza kilikuwa kimenifungulia kila ofisi niliyowahi kuingia Nyeri, na nilidhani Wazungu wote, hata wakiwa na lugha yao, wanacho chini ya ulimi wakikitaka. Askari wa langoni hakuwa nacho, au alikuwa nacho akakiweka. Nilimsalimia kwa Kiingereza, naye akatazama mkoba wa mama. Alisema kitu. Nikainua simu, nayo ikasema kwa sauti ya kike, Kiswahili safi kama cha mtangazaji wa redio:

"Tafadhali mwaga matumbo yako yote juu ya meza."

Mama alirudi nyuma. "Ati nimwage nini?"

"Mkoba, Maitu. Anataka kuona kilicho ndani ya mkoba."

Ndani kulikuwa na leso, biskuti, dawa yake ya presha, na nduma alizochemsha asubuhi, zimefungwa kwa karatasi ya jikoni. Alikuwa amefurahi sana kuzipata kwenye duka la Waafrika karibu na nyumba ya mdogo wangu. Askari alivaa glavu. Alifungua karatasi kwa ncha za vidole viwili, akainusa ile nduma ya kijivu, akakunja pua, akamwonyesha mwenzake. Mwenzake naye akanusa. Kisha wakazitupa zote kwenye pipa, mbele ya macho ya mama. Mtoto aliongea nao haraka haraka, akionyesha nyanyake kwa kidole, lakini hawakumsikiliza. Nikauliza simu sababu, nayo ikaniambia kwamba mizizi haina ruhusa ya kutembea.

Mama alifunga mkoba wake. "Chakula kimekosea wapi?" akauliza. Nikamshika mkono, tukaingia.

Tulizunguka. Kila kibao kilikuwa na maandishi marefu kama mahubiri. Nilipiga picha kimoja ili simu inisomee, ikasema: "Wajawazito, wenye mioyo na nywele ndefu wasipande." Tulikuwa na mioyo sote, kwa hivyo tukapita. Kwenye foleni moja tulisimama hadi miguu ya mama ikaanza kuvimba, na tulipofika mbele msichana mwenye sare akatuonyesha kijiti cha kupimia urefu, akamwonyesha mtoto, akatingisha kichwa. Hakuna aliyetuambia kabla. Watu waliokuwa nyuma walitupita wakivuta pumzi kwa sauti, ile pumzi ya kukuonyesha kwamba umewapotezea siku. Tukarudi njia yote kinyumenyume, tukiomba radhi kwa lugha ambayo hawakuijali.

Mchana tukaenda kutafuta chakula. Picha zilikuwa ukutani, nikaonyesha kwa kidole mikate midogo iliyopakwa kitu chekundu, na vipande vya vitunguu juu yake. Nilidhani ni nyanya zilizopondwa. Mtoto alitabasamu, akajipigapiga tumbo kuonyesha ni tamu. Mama aliinamisha kichwa, akaomba, akauma kipande kikubwa kwa sababu alikuwa na njaa, na akaacha kutafuna.

"Hiki kitu ni baridi," akasema mdomo ukiwa umejaa. "Na kinateleza."

Nikaufunua mkate wangu, ambao nami nilikuwa nimeuuma. Ilikuwa nyama. Nyama ya nguruwe iliyosagwa, mbichi kabisa, ya rangi ya waridi, na utepe mweupe wa mafuta ndani yake, kama ilivyotoka kwenye mashine ya buchari. Mama alichukua leso yake, akatema, akaendelea kutema hata pale ambapo hakukuwa na kitu. Machozi yalimtoka. Mzee mmoja kwenye meza ya karibu alituangalia kwa kinyaa kikubwa kabisa, huku ameshika mkate kama ule ule, akaumeza wake. Nilikimbia kununua maji. Nikaleta chupa, mama akavuta funda kubwa, na maji yakafoka mdomoni na kumtoka puani. Yalikuwa na gesi. Hata maji yao yalikuwa na mambo yake.

Ningesema twende nyumbani, lakini hatukuwa na njia ya kurudi mpaka jioni, na mtoto alikuwa amemshika cucu mkono akimvuta kuelekea mtoni. Huko hakukuwa na kupanda wala kupinduka. Mashua ndefu yenye viti, paa la nyasi za kubandika, na kijana mwenye kofia ya mwindaji amesimama mbele na maikrofoni. Nilifurahi. Nilijua mama anaweza kukaa hapo apumzishe miguu.

Tuliingia, tukakaa katikati. Sisi tu ndio tulikuwa weusi. Mashua ikasukumwa kwenye mto wa maji ya kijani yaliyonuka dawa na majani yaliyooza, ikapita chini ya miti ya plastiki. Mamba akafungua mdomo. Tembo akarusha maji. Yule kijana alikuwa akisema, watu wakicheka, na mtoto naye akicheka, akimwonyesha mama kila mnyama. Mama akawa anamtajia majina yao kwa Kikuyu. Mtoto akawa anayarudia. Kwa muda mfupi nilisahau ile nyama.

Kisha tukapinda kona. Kwenye ukingo kulikuwa na kijiji. Vibanda vya nyasi, ngoma, moto wa taa nyekundu, na watu. Walikuwa sanamu za plastiki zinazosogea kwa mashine, nyeusi kama lami, midomo mikubwa myekundu, macho ya kutoka nje, mifupa imechomekwa kwenye nywele. Waliruka juu, wakashuka, wakaruka juu, mashine zikikwaruza. Katikati yao kulikuwa na chungu kikubwa, na ndani yake sanamu ya Mzungu mwenye miwani, akipunga mkono kuomba msaada.

Mashua ilipunguza mwendo. Yule kijana akageuka, macho yake yakatukuta, na niliona wazo likimjia usoni. Akasema kitu kifupi kwenye maikrofoni, huku amemnyoshea mama mkono.

Vichwa vyote viligeuka. Wakacheka. Mwanamume mmoja mwenye shati jekundu alicheka mpaka akapiga goti lake kwa kiganja. Na mama yangu, mwenye adabu zake za Kangari, aliona watu wengi wamemgeukia wakiwa na furaha, akajua amesalimiwa. Akainua mkono akawapungia.

Wakacheka zaidi. Mwanga mweupe ukatumulika kutoka juu ya mti.

Sikuhitaji simu. Ladha ya vile vitunguu ikanirudia mdomoni. Nilitaka kuushusha mkono wa mama, lakini kuushusha kungekuwa kumwambia.

"Wanasema nini?" mama akaniuliza, bado anatabasamu.

Kabla sijatunga uongo, mtoto alisimama. Alisimama juu ya kiti, mashua ikayumba, akampigia yule kijana kelele kwa Kijerumani. Sikuelewa hata neno. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilipasuka mwishoni. Kicheko kikafa. Watu wakatazama maji, viatu vyao, simu zao. Mwenye shati jekundu akawa na kitu cha kutafuta mfukoni. Tulimaliza mto uliobaki tukisikia mashine tu.

Tuliposhuka yule kijana alitufuata, ameivua kofia. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akasema naye, mtoto akaficha uso kwenye sketi ya mama. Kisha akanigeukia mimi, akanyoshea simu yangu kidole. Nikaiinua. Simu ambayo siku nzima ilikuwa ikitapika ujinga iliamua kutafsiri vizuri mara hiyo, polepole, kwa ile sauti yake ya redio:

"Ulikuwa mzaha tu. Nilisema bibi huyu amekuja kuchukua chungu chake, kwa hivyo tusimkaribie akiwa na njaa. Kila mtu hapa hucheka. Hakuna mtu mbaya."

Mama alisikia kila neno. Lilikuwa Kiswahili, na Kiswahili anakijua. Nilimwona akigeuza kichwa polepole kutazama nyuma, kule mtoni. Sanamu zilikuwa zikionekana kidogo kati ya majani, zikiruka na kushuka. Alifunga kilemba chake vizuri.

"Mwambie hivi," akaniambia kwa Kikuyu, bila kupaza sauti, kama anavyoongea na karani wa kupima chai anayejaribu kumpunja. "Mwambie mtoto wangu alikuwa aje na sisi leo. Amepigiwa simu asubuhi, ameenda kumpangusa mavi mama mzee wa huku ambaye watoto wake hawataki kumpangusa. Labda ni mamake. Amuulize mamake kama mtoto wangu alimla."

Nilisita kwenye neno moja tu, kisha nikalisema lilivyo. Nikaiambia simu maneno yote kwa Kiswahili, nayo ikayasema kwa Kijerumani, kwa upole ule ule inaotumia kumwelekeza mtu chooni. Sijui iliyafikisha yote namna gani. Nilimwona mtoto akitoa uso kwenye sketi na kumtazama nyanyake, halafu yule kijana, nikajua kwamba ya kutosha yamefika. Tabasamu la yule kijana lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa hapo. Akasema maneno machache, akavaa kofia yake, akarudi kwenye mashua.

"Muwe na siku nzuri zaidi," simu ikatafsiri.

Foleni iliyofuata ilikuwa imeshapanda. Tulikuwa bado hatujafika mbali tuliposikia kicheko kikubwa kutoka kwenye ile kona. Nilitapika kando ya njia, kwenye maua yaliyopangwa kwa umbo la moyo. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mbali nami.

Karibu na mlango wa kutokea kulikuwa na kibanda chenye vioo vya kuonyesha picha. Ule mwanga wa juu ya mti ulikuwa kamera. Tulikuwa pale kwenye kioo, mashua nzima: vichwa vimegeuka, midomo wazi, meno nje, shati jekundu na kiganja chake gotini, mama katikati amepunga mkono kama malkia. Nilitaka tupite upesi. Mama akasimama.

"Nataka hiyo."

"Maitu, tafadhali. Hiyo ya nini?"

"Nataka hiyo," akarudia. "Angalia mtoto."

Nikaangalia. Pembeni ya mama msichana alikuwa anaanza kuinuka, mkono mmoja umeshika bega la nyanyake, mdomo umefunguka. Yeye peke yake hakuwa anacheka. Tukainunua.

Mdogo wangu alikuja jioni akiwa bado ananuka sabuni ya kazini. Mtoto alimweleza yote kabla hata ya kufunga mkanda. Niliona mikono ya mdogo wangu ikikaza usukani.

"Mmemwambia mtu mimi ni mpangusa mavi?" akasema hatimaye. "Mbele ya mtoto wangu?"

"Si ndiyo kazi?" mama akajibu. "Hiyo kazi imenijengea nyumba ya mawe. Mimi sioni haya."

"Mimi ndiye naona! Mimi ndiye naishi hapa. Hayo mambo huyasikia kila wiki. Kuna mzee hukataa nimshike, ati nitamwachia rangi. Nimejifunza kutosikia. Nyinyi mnakuja wiki tatu mnaanza kusikia kila kitu."

Nilikuwa na hasira na nchi nzima iliyokuwa ikipita dirishani, safi, mashamba yamechanwa kama nywele za mtoto wa shule. Lakini kilichonichukiza zaidi ni lile neno, nimejifunza. Alilisema kama mtu anayekuonyesha cheti.

"Mtoto alimwambia nini yule mtu?" mama akauliza.

Mdogo wangu akajibu kwa sauti nyingine. "Alimwambia wale si watu, ni plastiki. Na kwamba huyu ni cucu yake, na yule mtu mwenyewe ni mpumbavu."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mtoto, akisikia anacheka, akacheka pia, na mdogo wangu akalazimika kusimamisha gari kando ya barabara kwa sababu alikuwa analia na haoni mbele. Usiku huo nilimsikia bafuni akimwogesha mtoto, akimtajia kwa Kikuyu maji, na mkono, na mgongo. Matamshi yake mwenyewe yalikuwa yameanza kukwama.

Siku hizi mama na mjukuu wake huongea kwenye simu kila Jumapili baada ya ibada. Kikuyu cha mtoto ni kibovu na kizuri sana. Anaweza kusema ana njaa, anaweza kulalamika kuhusu mwalimu, na juzi aliuliza kama chai huuma vidole ukiichuma.

Ile picha iko ukutani Kangari, sebuleni, kwenye fremu ya dhahabu, karibu na kalenda ya kanisa. Wanawake wa ushirika wakija huitazama na kusema jinsi tulivyofurahi Ulaya, na jinsi Wazungu wanavyopenda wageni. Mama huwaacha waseme, kisha huanza kuwaeleza, na huanza na mtoto. Mimi huenda jikoni kuongeza maji kwenye chai. Nimejaribu kuizoea ile picha na sijaweza. Macho yangu huenda kwenye lile shati jekundu, kwenye yale meno, na ladha ya nyama mbichi huja mdomoni hata kama nimetoka kula.

"Mbona hukai hapa mbele na wenzako?" mama aliniuliza safari iliyopita, nilipochukua kiti cha chini ya picha, ambako siwezi kuiona.

"Hapo kuna upepo," nikamwambia.

Akanitazama, akaenda akafunga dirisha, na hakuniuliza tena.